Nyasi bandia juu ya kinamo: maji kwanza, kapeti baadaye

Wengi wanaoingia kwenye kazi hii ya kutandika nyasi bandia huanza kwa kuuliza bei ya rola, yaani kapeti la nyasi lililoviringishwa, na aina ya gundi. Kwenye uwanja wa kinamo, udongo mzito unaokataa kupitisha maji, swali la kwanza ni jengine: maji ya mvua yatapita wapi yatoke? Ukiwa huna jibu, usiteremshe hata toroli moja la kokoto.

Hesabu yake nyepesi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Uwanja wa mita za mraba 40 ukinyeshewa milimita 50, na masika haishindwi kuzimwaga kwa siku moja, umeshapokea lita 2,000, tangi zima hilo. Na paa bado hujalihesabu. Bati la mita za mraba 100 lisilo na mfereji, likimwaga upande huohuo, linaongeza lita 5,000. Kwa hivyo kabla hujainama kuangalia ardhi, angalia juu. Kuna nyumba ambazo kazi inayotakiwa hasa ni mfereji na paipu ya kuyapeleka maji tangini, nyasi ni pambo tu.

Udongo usiuhukumu kwa rangi. Kinongo chekundu kinaganda viatuni na kuchafua kila kitu, lakini maji hukipita. Kinamo, udongo wa mabonde ya mpunga kama Cheju, Unguja, ndicho kinachokataa, na siku hizi watu wanajenga mpaka mabondeni. Chukua donge bichi, lisokote viganjani mpaka liwe kamba nyembamba, kisha likunje pete. Pete ikivunjikavunjika, una nafuu. Ikikaa nzima na kung'aa ulipopitisha kidole gumba, jitayarishe. Halafu chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji magharibi, urudi asubuhi. Maji yakiwa bado yamekutazama, udongo umeshajibu. Wenye kazi za upande wa Paje na Makunduchi, kwenye uwanda wa mawe, hawana shida hii. Wao wana ya kwao, kuvunja jiwe.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Fundi huchimba sentimita 15, akasawazisha chini vizuri kabisa, akajaza kokoto, akadhani keshatengeneza njia ya maji. Alichotengeneza ni karai. Maji hushuka kwenye kokoto, yakafika kwenye kinamo, yakasimama. Juu uwanja unaonekana mkavu, chini kinamo kinalainika na kuzimeza kokoto kidogokidogo. Baada ya masika moja utaona vidimbwi pale watu wanapopita, na harufu.

Mteremko uwe kwenye kinamo chenyewe, si kwenye kokoto tu. Sentimita moja na nusu mpaka mbili kwa kila mita, kuelekea mbali na ukuta wa nyumba. Pimamaji fupi itakudanganya kwenye uwanja mrefu. Tumia mpira unaoonesha ndani, ule wa mafundi ujenzi. Ujaze maji taratibu, uunyanyue, uugongegonge mpaka povu litoke lote, kwani kiputo kimoja cha hewa katikati kinakupa kipimo cha uongo na hutakijua. Funga uzi kwenye vigingi kufuata alama zako, chimba kufuata uzi. Na usichimbe kinamo kikiwa chepechepe. Ukikikanyaga kimerowa unakifanya kigandamane zaidi. Kazi za chini zifanye kiangazi au wakati wa kipupwe, hasa ukiwa Pemba, ambako mvua ni nyingi kuliko Unguja.

Upande wa chini kabisa chimba mtaro, ulaze paipu ya inchi nne yenye matundu, matundu yaangalie chini, nayo iteremke mpaka pahala pa wazi panapopokea maji. Usiyatoe kwa jirani. Maji yako yakiingia barazani kwa mtu, kesi itafika kwa sheha, kiongozi wa mtaa, kabla gundi haijakauka. Shimo la kunyonya ndani ya kinamo halisaidii, litajaa na kubaki limejaa. Kama hakuna pa kutokea, mshauri mwenye nyumba apandishe uwanja wote kwa kifusi, au iache kazi.

Baina ya kinamo na kokoto tandika kitambaa cha kuchujia, jiotekstaili, na paipu uizungushie hichohicho. Nailoni nyeusi ya chini ya sakafu si badala yake, inazuia maji. Kokoto ziwe ngumu na zilizooshwa, sentimita 10 zikishashindiliwa. Zile laini za jiwe la matumbawe husagika chini ya mashine, na unga wake huziba njia. Juu yake weka chenga ndogondogo za mawe, sentimita mbili au tatu, za kusawazishia. Mchanga wa pwani usiuguse: una chumvi, unahamahama chini ya miguu, na kuuchimba kiholela kuna sheria yake.

Kabla ya kapeti, mwaga ndoo kadhaa upande wa juu, kisha nenda ukasimame mdomoni mwa paipu. Yasipotoka, fukua leo.

Kutandika kwenyewe kunafundishika haraka. Rola ikunjue ilale juani ilegee, manyoya yote yaangalie upande mmoja, maungio yakae juu ya utepe mkavu. Kapeti liwe na matundu mgongoni, na mwambie mteja mapema kuwa adhuhuri litaunguza nyayo za watoto, hivyo kivuli au ndoo ya maji vitahitajika. Wanaoliona la uwanja wa mpira wa Amaan kwenye televisheni joto hilo hawalijui.

Kwenye makisio, kazi ya chini iandike mstari wake mbali na bei ya kapeti, na piga picha mtaro, kitambaa na paipu kabla ya kufukia. Mteja akija kulalamika kuwa rola dukani ni rahisi kuliko hesabu yako, umuoneshe.