Unataka kupanda kaya za Rabai? Soma hapa kwanza

Kila nikiposti picha za Rabai, kule Kilifi pwani ya Kenya, naulizwa maswali yale yale inboksi, ni mbali, ni ngumu, kuna nini huko juu, kwa hivo leo naandika yote mara moja. Ngumu si ngumu. Kama waweza kupanda ngazi za ghorofa tano huku wapiga stori basi Rabai utapanda, manake ni vilima vya pwani si Mlima Kenya, na kitakachokuchosha ni jua na lile joto la jasho, si mwinuko. Huko juu kuna msitu wa kaya, na ndani ya msitu ndo Warabai walikuwa wakiishi zamani na ndo walikozika watu wao. Kwa ufupi waenda makaburini kwa watu. Ushauri wangu karibu wote watoka hapo.

Kwa wale hawajui, kaya za Mijikenda (yale makabila tisa ya pwani, Warabai wakiwemo) zilianza kujengwa karne ya 16, vijiji vyenye ulinzi katikati ya msitu mnene na vijia vyembamba ambavyo adui hawezi kupita na jeshi. Rabai wanazo kadhaa, kuna Mudzimuvya, Bomu na Fimboni, na ni kati ya zile kaya UNESCO iliziweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2008. Watu walihama taratibu wakaenda kwenye mashamba yao, kufikia miaka ya 1940 hakuna tena aliyekuwa akiishi ndani ya kaya hizi, lakini makaburi yalibaki na wazee wa kaya bado ndo wenye amri. Miti ukiiona imesimama pale, mikubwa hivo, na kila mahali pengine kumekatwa makaa, ni kwa sababu hiyo. Si serikali.

Sasa hapa ndo watu wengi huharibu. Wanajikusanya vijana ishirini, wana spika ya blututhi, wanafuata ramani ya simu mpaka ukingo wa msitu alafu wanaanza kuuliza wapite wapi. Usiende hivo tafadhali. Anzia makumbusho ya Rabai, pale kwa kanisa na nyumba walizokaa Krapf na Rebmann, wale wamishonari wa Kijerumani waliofungua misheni hapo 1846 (huyo Rebmann ndo alitoka huko akaenda bara mwaka 1848 akarudi akisema ameona theluji Kilimanjaro, na Ulaya kuna wasomi walimcheka). Zunguka hapo kidogo, ni historia nzuri, alafu omba wakuunganishe na mzee wa kaya. Bora hata upige simu siku chache kabla, manake wazee nao wana shughuli zao, kuna matanga, kuna shamba, huwezi kufika tu Jumamosi saa nne ukataka mtu aache yake akutembeze.

Ukikutana na mzee, shikamoo kwanza, kaa, ongea. Habari za pesa zitakuja zenyewe na zikija uliza wazi, hii ni ya makumbusho, hii ni ya mzee, hii ni ya kijana atakayetutangulia, muelewane kabla ya kuanza kutembea ili kusiwe na maneno mkirudi. Mimi naona si vibaya kulipa. Wengine wanalalamika ati "ni msitu tu", sasa kama ni msitu tu mbona umetoka Bamburi kuja kuuona?

Kutoka mjini Mombasa wapanda gari za Mariakani, unapita Changamwe, Miritini, unashuka Mazeras, hapo kuna gari na boda za kuingia Rabai kwa ile barabara ya Kaloleni. Toka mapema, saa kumi na mbili uwe barabarani, kwa sababu ile jamu ya malori ikishaanza hakuna cha kufanya. Kunywa chai kabisa nyumbani, mahamri na mbaazi zikae tumboni, na ubebe maji lita moja na nusu kwa kila mtu.

Njia yenyewe yaanza kwenye minazi na mikanju ya watu, salimia kila unayempita. Alafu inaanza kupanda. Mawe ya huku ni yale yale ya Mazeras watu hutandika nyuani, bapa, mazuri ukiyaona, lakini yakinyeshewa yateleza vibaya sana, kwa hivo Aprili na Mei mimi singeenda. Vaa suruali ndefu hata kama ni joto, kuna miiba, kuna siafu, na kuna upupu, na mtu akishapatikana na upupu safari yake imeishia hapo. Viatu vyenye meno vitakusaidia ila usifunge kamba kwa fundo la ajabu, mzee akisema vua, unavua. Beba leso pia, wanaume nao, huenda mkaambiwa mjifunge.

Ndani ya kaya huokoti kitu. Si jani, si jiwe, si ukuni. Hutemi, hupigi kelele, na picha unauliza kila mahali upya, ruhusa ya kwa lango si ruhusa ya kwa makaburi. Mzee ataongea na wenyewe, yaani wahenga waliozikwa humo, kabla hamjaingia, nyamaza tu, uwe Muislamu au Mkristo hakuna aliyekuambia uitikie. Na kuna sehemu mgeni hafiki, hata uwe na pesa vipi, usisukume.

Watu pia huniuliza kuhusu vigango, ile michongo ya mbao. Hiyo sanasana ni ya Wagiriama, Mijikenda wenzao Warabai, huwekwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima, na vingi viliibwa vikauzwa nje mpaka vikaishia kwenye makumbusho Marekani. Viwili vilirudishwa 2007 baada ya miaka zaidi ya ishirini. Kwa hivo mtu akikunong'oneza ati ana kigango cha zamani anauza, achana naye, hicho kimeng'olewa kaburini kwa mtu.

Kama mna mtu mzima mwenye magoti mabaya au watoto wadogo, wapelekeni Kaya Kinondo kule Diani badala ya Rabai, pale ni tambarare na wamezoea wageni, mnafungwa kaniki nyeusi mnatembezwa polepole. Rabai muende wenye miguu. Na mkishuka msikimbilie gari, madafu ya pale ni ya kuangushwa saa hiyo hiyo, ila kufika saa tisa muwe mshafika Mazeras, baada ya hapo gari za kurudi mjini zapita zimejaa.