Naiona Z, lakini setapu inasema haipo

SWALI: Kaka habari, mimi ni karani kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Arua. Tuko watano ofisini na programu ya hesabu iko kwenye seva, yaani kompyuta ya chumba cha bosi. Nimepewa kompyuta mpya, nikifungua draivu Z (folda la seva linaloonekana kwangu kama diski) naona mafolda yote, nikikliki setapu, lile faili la kusakinisha programu, inaomba paswadi ya administreta, fundi anaiweka, halafu inatuambia Z haipo! Sasa fundi anasema tukopi programu na data yote tuweke kwangu. Tukubali?

JIBU: Dada, hapana, tena mwambie leo. Mkikopi data mtakuwa na vitabu viwili, wewe unaandika mabati uliyouza huku, mwenzako anaandika simenti kule, na mwisho wa mwezi hakuna atakayejua stoku ya kweli ni ipi. Data ikae palepale kwa seva, kwako inakuja ile sehemu ya kufungulia tu.

Hiyo Z haijapotea. Herufi ya draivu ya netiwaki ni ya yule aliyeingia, na setapu ikishapewa ruhusa ya administreta Windows inaihesabu kama mtu mwingine kabisa, na huyo mtu hana Z. Ndio maana wewe unaiona yeye haioni, wengi wanahangaika hapa siku nzima wakidhani kebo imekufa.

Kwa hiyo achaneni na herufi, tumieni jina la seva lenyewe. Fundi aingie kwa akaunti ya administreta, abonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, aandike \\SEVA\Hesabu (wekeni jina la seva yenu na la folda lenu), ikiuliza jina na paswadi ya seva aweke na atie tiki ikumbuke, ndio aanzishe setapu kutoka humo, na atafute ile ya kompyuta za wafanyakazi, siyo ya seva. Setapu ikiuliza data iko wapi, aandike njia hiyohiyo ya jina, asirudi tena kwenye Z. Toleo la programu kwako nalo lazima lilingane na la seva, programu nyingi za hesabu hukataa kufungua data zikitofautiana. Wewe ukiingia kwa akaunti yako, ikikuuliza paswadi ya seva iandike mara moja tena.

Ikigoma bado, nendeni kwa bosi. Akaunti ya kule isiyo na paswadi Windows haiiruhusu kuingia kupitia netiwaki, hili linasahaulika sana. Netiwaki ikiwa imewekwa kama ya hadharani (Public) badala ya binafsi (Private), kushirikisha mafolda kunafungwa. Na kwenye hiyo seva mzime hali ya kulala (Sleep), maana seva ikisinzia nyote mnatupwa nje. Kwa watu watano kompyuta ya kawaida inatosha, Windows 10 inakubali hadi mashine 20 kwa wakati mmoja.

Tumieni kebo, siyo waifai. Halafu bosi anunue UPS, ile betri inayoshika umeme ukikatika, ya seva na ya rauta kabla ya kitu kingine chochote, umeme wetu mnaujua, ukikatika katikati ya kuhifadhi, faili la hesabu linaweza kuharibika.

Mkimaliza, andika ankara moja ya majaribio kwako, mwenzako aifungue kwake, akiiona ifuteni muanze kazi.