Kitochi cha kuazima: laini inalegea, majina hayaonekani

Habari ndugu. Nimekuelewa hivi: simu janja iko kwa fundi, umeazimwa kitochi, laini inaandika "ingiza SIM", majina hayaonekani na unahofia M-Pesa.

Anza na laini. Laini ya nano, ile ndogo kabisa ya simu janja, ni ndogo kuliko nafasi ya vitochi vingi, kwa hiyo inahitaji fremu ya plastiki. Ibandike na fremu kwa selotepu nyembamba upande usio na shaba. Ikichomoka humo ndani itakwama kwenye pini za kusomea laini na kuzipinda, na kitochi chenyewe si chako. Ukiombwa PIN na huikumbuki, usibahatishe. Ukikosea mara tatu inadai PUK, yaani namba ya kufungulia laini, na PUK ikikosewa mara kumi laini imekufa.

Majina hayakupotea. Simu janja za Android kwa kawaida huyahifadhi kwenye akaunti ya Google, si kwenye laini. Fungua contacts.google.com kwenye kompyuta, nakili namba kumi au ishirini za lazima, basi.

M-Pesa haitegemei programu: kwa Vodacom Tanzania piga *150*00# kama kawaida. Kinachosumbua ni kumbukumbu ya SMS. Ikijaa, ujumbe wa muamala hauingii, ukadhani hela imepotea. Futa za matangazo kila jioni.

WhatsApp ikiwa ilishaunganishwa na kompyuta, itaendelea siku 14 hivi bila simu kuwa hewani. Msimbo wa WhatsApp wa tarakimu sita ukiingia kwenye kitochi bila kuuomba, usimpe mtu, hata fundi.

Siku ya kurudisha futa SMS zote, maana salio lako limeandikwa humo.