Katuni zilizowahi kuchomwa moto: majibu ya maswali yenu

Majuzi niliandika hapa kwamba kitabu cha katuni ni kitabu kamili, hakihitaji kuombewa radhi. Barua zimekuja nyingi, nyingine za hasira. Nimeziunganisha zilizofanana na kuzijibu kadiri nilivyoweza.

Nilipokuwa darasa la nne mwalimu alininyang'anya katuni akaichana mbele ya wenzangu, akasema zinaharibu akili. Wazo hili lilianzia wapi?

Pole sana. Umeandika kwamba hadi leo unalikumbuka jalada lake. Naamini, maana kitabu ulichochaniwa utotoni hakikutoki kichwani.

Lawama zilianza mapema. Vile vitabu vyembamba vya karatasi duni na rangi kali vilishamiri Marekani baada ya Superman kujitokeza mwaka 1938. Mei 1940, Sterling North wa gazeti la Chicago Daily News alikuwa ameshaviita fedheha ya taifa. Lakini aliyelivisha wazo hilo koti jeupe la udaktari ni Fredric Wertham, daktari wa magonjwa ya akili wa New York. Mwaka 1954 alitoa kitabu kizima, Seduction of the Innocent, akidai katuni zinawafunza watoto uhalifu. Mwaka huohuo kamati ndogo ya Seneti ya Marekani ikakaa New York kulisikiliza suala hilo, naye akawa shahidi.

Sitaki kumfanya Wertham shetani. Alishiriki kufungua kliniki Harlem, mtaa wa watu weusi New York, iliyowatibu watu weusi kwa ada ndogo mno, wakati hospitali nyingi ziliwafungia milango, na utafiti wake ulitumika katika kesi za kupinga ubaguzi mashuleni. Watoto aliwajali kwa dhati. Kilichooza kilikuwa ushahidi wake. Mwaka 2012 mtafiti Carol Tilley, baada ya kupekua makaratasi ya Wertham yaliyohifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani, alionyesha kwamba daktari huyo aliyapindisha maneno ya watoto, akachanganya habari za watoto tofauti, na akayaacha kando mambo mengine ya maisha yao ambayo yangeeleza shida zao bila kuitaja katuni hata moja.

Huenda mwalimu wako hakuwahi kulisikia jina la Wertham. Hukumu ilisafiri, jina la hakimu likabaki nyuma.

Ni kweli zilichomwa moto?

Ni kweli, na si mahali pamoja. Picha inayojulikana zaidi ni ya Binghamton, jimbo la New York, mwaka 1948: watoto wa shule wamesimama wakilitazama rundo la katuni likiteketea. Vita dhidi ya Wanazi, waliochoma vitabu hadharani, vilikuwa vimekwisha miaka mitatu tu nyuma. Naumia kila nikiitazama picha hiyo, hasa kwa sababu walioletwa kutazama ndio waliokuwa wenye vitabu.

Nimesikia kulikuwa na "Kanuni ya Katuni". Serikali ndiyo iliyoitunga?

Hapana. Wachapishaji wenyewe waliitunga mwaka 1954, kwa hofu kwamba serikali ingewawahi. Kila toleo lilipitishwa kwa wakaguzi kabla ya kuchapwa, likikubaliwa linagongwa muhuri jaladani. Lisilo na muhuri lilikuwa na shida kubwa kufika madukani, maana wasambazaji hawakutaka kulibeba. Ilikatazwa kuweka neno la Kiingereza la "kutisha" kwenye kichwa cha kitabu. Wanyonya damu na wafu wanaotembea wakapigwa marufuku. Polisi na majaji hawakutakiwa kuonyeshwa kwa namna ya kuwavunjia heshima.

Ukitaka kujua Kanuni ilimlinda nani, soma hadithi moja ya kampuni ya uchapishaji ya EC ya mwaka 1953, iitwayo "Judgment Day". Mwanaanga aliyevaa kofia ya chuma iliyomfunika uso anakwenda kukagua sayari ya maroboti, aone kama inastahili kujiunga na jamhuri ya sayari. Anakuta maroboti ya rangi ya chungwa yakiyabagua ya buluu, ingawa nyaya za ndani ni zilezile. Anawaambia bado hawajawa tayari, anapanda chombo chake, anaondoka. Katika fremu ya mwisho, yaani kisanduku cha mwisho cha picha, anavua kofia. Ni mtu mweusi, na matone ya jasho yanametameta usoni kama nyota.

EC ilipotaka kuirudia mwaka 1956, mkaguzi mkuu akataka mwanaanga asiwe mweusi. Mwenye kampuni, William Gaines, akakataa kata kata na kuichapa ilivyo. Toleo hilo likawa kitabu chake cha mwisho cha katuni. Akabaki na jarida la vichekesho la Mad, ambalo kwa kuwa jarida halikuwa chini ya Kanuni.

Ukaguzi ulidumu kupita kiasi. Mwaka 1971 kampuni ya Marvel ilitoa hadithi ya Spider-Man ya kuonya kuhusu dawa za kulevya, baada ya kuombwa na wizara ya afya ya Marekani, na bado ikanyimwa muhuri. Ikatoka bila muhuri, na Kanuni ikalegezwa mwaka huohuo. Marvel iliachana nayo kabisa mwaka 2001, kampuni za DC na Archie mwaka 2011.

Lakini si kweli kwamba zamani zilikuwa takataka, kisha zikaboreka, ndipo zikaheshimiwa?

Hivyo ndivyo inavyosimuliwa, na sikubaliani. Nyingi zilikuwa ovyo, kama riwaya nyingi zilivyo ovyo. Lakini mwaka 1955, katikati ya dhoruba hiyo, EC ilichapa hadithi ya kurasa 8 iitwayo "Master Race". Mchoraji, Bernard Krigstein, alipewa mswada wa kurasa 6. Akausoma, akaomba kurasa 12. Wakakutana kwenye 8.

Mtu mmoja anashuka ngazi za kituo cha treni ya chini ya ardhi, New York. Ana wasiwasi. Anaketi. Anaingia mwingine, mwembamba, kavaa nguo nyeusi, na yule wa kwanza anamtambua. Unasoma ukidhani huyu mwenye hofu ni mnusurika wa kambi za mateso za Wanazi, hadi pole pole unagundua kwamba yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa kambi. Anatimua mbio jukwaani, anateleza, anaangukia relini. Hapo Krigstein anaikata nafasi ya ukurasa kuwa vipande vyembamba kama vijiti, mtu anaanguka kipande kwa kipande, na treni inapopita, nyuso za abiria madirishani zinajirudia zikipishana kidogo, kama jicho linavyokamata kitu kinachokwenda kasi. Hakuna neno linalokwambia muda umesimama. Umesimama machoni pako.

Iliuzwa senti 10, kwenye karatasi ya kutupwa, miaka 10 tu baada ya kambi hizo kukombolewa. Kwa hiyo uwezo ulikuwepo siku zote. Waliokosekana ni watu wenye sauti ambao wangekubali kuutazama ukurasa kabla ya kuuhukumu.

Basi ni kitabu gani kilichogeuza mambo?

Kimoja hakitoshi, ila ukinibana nitasema Maus. Art Spiegelman alikuwa mmoja wa wale waliokaa na "Master Race" wakaisoma fremu kwa fremu; alishiriki kuandika uchambuzi wake miaka ya 1970. Kisha akachora habari za baba yake, Vladek, aliyenusurika Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Wayahudi aliwachora panya, Wajerumani paka. Juzuu ya kwanza ilitoka 1986, ya pili 1991, na mwaka 1992 kazi hiyo ikapewa tuzo maalumu ya Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi Marekani.

Katika juzuu ya pili kuna ukurasa ambao siwezi kuupita haraka. Spiegelman amejichora yuko mezani kwake, ni binadamu mwenye kinyago cha panya kilichofungwa kwa kamba kisogoni. Anazungumzia mafanikio ya kitabu chake. Nzi wanazunguka. Ukifika fremu kubwa ya chini unaona meza yake imesimama juu ya lundo la maiti. Mwandishi wa maneno matupu angehitaji aya nzima kueleza aibu hiyo ya kufanikiwa kwa msiba wa watu, na bado angelazimika kuitaja kwa jina. Hapa unateremsha macho tu, inakupata.

Ulimwengu wa vitabu haukujua uiweke wapi. Gazeti la New York Times liliiweka kwenye orodha ya vitabu vya kubuni vinavyouzwa sana. Spiegelman akaandika barua kulalamika, nalo likaihamishia upande wa mambo ya kweli.

Nyuma yake mlango ulifunguka zaidi. Joe Sacco alitumia katuni kuripoti habari za Palestina, Marjane Satrapi akasimulia utoto wake Iran, na mwaka 2016 juzuu ya tatu ya March, kumbukumbu za mpigania haki John Lewis alizoandika na Andrew Aydin na kuchorwa na Nate Powell, ikapata tuzo ya taifa ya vitabu ya Marekani upande wa vijana. Lakini vita havijaisha: Januari 2022 bodi ya shule ya wilaya ya McMinn, Tennessee, iliiondoa Maus kwenye mtaala.

"Riwaya ya michoro" ni kitu tofauti na katuni, au ni jina la kujitukuza?

Jina lilikuwepo tangu miaka ya 1960, likapata nguvu mwaka 1978 mchoraji Will Eisner alipolitumia kwenye jalada la kitabu chake. Lilisaidia: maduka ya vitabu na maktaba yalipata rafu ya kuviweka. Mimi nalitumia kwa kitabu kirefu kinachojitosheleza. Sipendi linapotumika kumwambia mtu kwamba anachosoma yeye ni sanaa, na anachosoma mwanawe, chenye fremu zilezile na viputo vilevile vya maneno, ni upuuzi.

Wafaransa na Wajapani nao walizidharau?

Walizidharau pia, ila walipona mapema. Ufaransa ilitunga sheria ya kudhibiti machapisho ya watoto mwaka 1949. Kufikia miaka ya 1960 wasomi wake walikuwa wameanza kuziita sanaa ya tisa, na tamasha la katuni la mji wa Angoulême likaanza mwaka 1974. Ni huko Angoulême, mwaka 2006, ambako Aya, kitabu cha Marguerite Abouet wa Ivory Coast na mchoraji Clément Oubrerie kuhusu wasichana wa Abidjan wa miaka ya 1970, kilipata tuzo ya kitabu cha kwanza.

Japani nako wazazi na walimu walizipiga vita manga, yaani katuni za Kijapani, miaka ya 1950. Lakini huko watoto walipokua hawakuziacha, na wachapishaji wakawafuata kwa hadithi za rika lao. Katikati ya miaka ya 1990 jarida la Shonen Jump peke yake lilikuwa likichapa zaidi ya nakala milioni 6 kwa wiki.

Tuseme ukweli, si filamu ndizo zilizoleta heshima?

Filamu zimeleta umaarufu na pesa nyingi mno. Lakini tazama tarehe: Pulitzer ya Spiegelman ni ya 1992, na wimbi kubwa la filamu za mashujaa lilikuja baada ya 2000.

Halafu uliza heshima hiyo ilimfikia nani. Jerry Siegel na Joe Shuster, waliombuni Superman, waliuza haki zake mwaka 1938 kwa dola 130. Mwaka 1975, filamu kubwa ya Superman ikiandaliwa, Shuster alikuwa karibu haoni tena, na ilibidi wapige kelele magazetini ndipo kampuni yenye haki hizo ikakubali kuwalipa dola 20,000 kila mmoja kwa mwaka na kuyarudisha majina yao kwenye kazi yao. Mwaka 2024 nakala moja ya lile toleo la 1938 alimojitokeza Superman iliuzwa mnadani kwa dola milioni 6. Sijui niseme nini zaidi juu ya hesabu hiyo.

Sijawahi kusoma hata moja, nina miaka 52. Nianze na ipi, na nisomeje?

Soma pole pole kuliko unavyodhani unapaswa. Wanaoanza ukubwani hukimbilia maneno ya kwenye viputo na kuziruka picha, kisha hulalamika kwamba hadithi ni nyepesi. Tazama kinachotokea kati ya fremu na fremu, kwenye ule mstari mweupe, kwa sababu pale msomaji ndiye anayefanya kazi.

Chukua Persepolis ya Satrapi. Katika fremu ya kwanza kabisa, msichana aliyefunikwa hijabu anakutazama na kusema huyu ni mimi, nina miaka 10, mwaka 1980. Fremu ya pili ni picha ya darasa. Anasema ameketi kushoto kabisa, kwa hiyo humwoni. Unatazama kushoto, na kweli, fremu imemkata, kimebaki kipande chake tu. Kaa hapo kidogo kabla hujaingia fremu ya tatu.