Kitafunwa cha mtoto na cha bibi kitoke jiko moja

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii ni hili: "Ni vitafunwa gani rahisi na vyenye afya unavyotengeneza nyumbani, na je, watoto na watu wazima hula kitu kimoja?" Sehemu ya kwanza wengi wataijibu vizuri. Mimi nimevutwa na ile ya pili, kwa sababu katika nyumba nyingi ninazozijua vitafunwa vimegawanywa kwa umri. Mtoto anawekewa biskuti, keki na juisi ya boksi. Muhogo, karanga na magimbi vinaachwa kwa wakubwa. Baadaye mtoto akisukuma sahani ya muhogo tunaona ajabu. Ataupendaje, na nyumba nzima imeshamwonyesha kuwa hicho si chakula chake?

Hapa kwetu Dar es Salaam tunaishi vizazi vitatu. Mama mkwe wangu ana kisukari na presha. Watoto wawili wako shule ya msingi na mdogo wao hajafika hata chekechea. Mimi na mume wangu tunaingia jioni tukiwa tumechoshwa na foleni, na chakula cha usiku bado kiko mbali. Hakuna mwenye nafasi ya kumpikia kila mmoja cha kwake. Kwa hiyo kinachotengenezwa tunakula wote. Umri na hali ya mtu tunaviangalia wakati wa kukata, kuponda na kupima kiasi.

Karanga ndizo hazikosekani. Nanunua mbichi, namwaga kwenye ungo na kuzichambua mchana kweupe. Yoyote iliyosinyaa, yenye ukungu, iliyobadilika rangi au yenye ladha chungu natupa bila huruma, kwa sababu ya sumukuvu. Mwaka 2016 watu waliugua katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na wengine walifariki, kwa kula mahindi yaliyokuwa na sumu hiyo. Karanga nazo hushambuliwa na kuvu wale wale. Moto wa kukaangia hauimalizi. Anayenunua karanga zilizokwisha kusagwa hawezi kujua ni zipi zilizoingia mashineni, ndiyo maana siagi ya karanga nasaga mwenyewe. Nakaanga kwa moto mdogo kwenye sufuria kavu, nanyunyiza maji yenye chumvi kidogo zinapokaribia kuiva, nazigeuza hadi zikauke. Nusu naacha nzima, nusu nasaga.

Gramu 100 za karanga zina protini takriban gramu 25, na hazipandishi sukari ya damu kwa kasi. Ndiyo sababu konzi moja inamfaa sana mama mkwe saa kumi jioni. Ila mtoto wa chini ya miaka mitano hapewi karanga nzima, wala korosho nzima, wala bisi, kwa kuwa hupalia na kuziba njia ya hewa. Wa kwetu napaka siagi ya karanga kwa tabaka jembamba juu ya kipande cha kiazi au ndizi. Na mtoto anayeionja karanga kwa mara ya kwanza apewe kidogo sana na aangaliwe, maana wapo wanaodhurika nayo.

Viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa, hivi tunavyoviita viazi lishe, navichemsha na maganda yake. Rangi ile inatokana na kiini ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, na kiini hicho hufyonzwa vizuri kikiliwa pamoja na mafuta kidogo. Hapo siagi ya karanga inafanya kazi mara mbili. Kwa mwenye kisukari nashauri kiazi kilichochemshwa, maana kilichookwa hupandisha sukari haraka zaidi. Vipande viwili vidogo vinatosha, navyo viingie katika hesabu ya wanga wa siku ile. Muhogo na magimbi yana wanga mwingi pia, kwa hiyo hayo huwa siku moja moja, na daima nayaambatanisha na kitu chenye protini, iwe dagaa, yai au bagia.

Sasa nifike kwenye bagia, maana kama mngenipa nafasi ya kitafunwa kimoja tu ningeandika hicho. Nazungumzia bagia za kunde. Kunde zinalala kwenye maji usiku kucha. Asubuhi nazisugua kwa viganja, maganda yanaelea, nayamwaga, narudia mpaka zibaki nyeupe. Watoto wakubwa hii kazi wanaipenda, na nimeona wazi kwamba anayesugua kunde asubuhi haikatai bagia jioni. Nasaga kwa blenda kwa maji machache mno. Zikizama kwenye maji mengi rojo inakuwa nyepesi na bagia zinalala bapa. Umeme ukikatika natwanga kwenye kinu, na kusema kweli za kinu ni tamu zaidi, zinabaki na chembe chembe. Naongeza kitunguu maji, vitunguu saumu, hoho, karoti iliyokwaruzwa, kotmiri na chumvi kiasi. Kisha napiga rojo kwa mwiko kwa nguvu mpaka iumuke. Hewa ile ndiyo inayolainisha bagia, huna haja ya hamira wala baking pauda.

Badala ya karai la mafuta natumia kikaango cha chapati. Nakipaka mafuta kwa kijiko, natonesha rojo kwa kijiko cha chakula, nabonyeza kidogo, nafunika na kifuniko kwa moto wa chini, nageuza. Zinatoka na ukoko wa rangi ya dhahabu na ndani zimeiva sawasawa. Watakaosema si bagia halisi nawaheshimu. Bagia ya kuzamishwa ni tamu na mama lishe wanaoiuza wanafanya kazi ngumu. Lakini lita ya mafuta ni ghali, na mafuta yakirudiwa karaini siku baada ya siku hadi yawe meusi yanaharibika. Nyumbani tuna uwezo wa kuliepuka hilo bila gharama yoyote.

Za watoto natangulia kuzipika, ndogo ndogo za kushikika mkononi. Ninapomaliza natia pilipili mbichi iliyokatwa kwenye rojo iliyobaki, nazo zinakuwa zetu wakubwa. Pembeni nakuwa na kachumbari au ukwaju ulioloekwa na kuchujwa, usio na sukari. Rojo ikibaki inakaa kwenye friji hadi kesho yake tu, ikizidi hapo inachachuka. Bagia zilizoiva zinavumilia zaidi, hasa ukizigandisha.

Wenye dengu wanaweza kwenda njia nyingine fupi. Ziloweke, zichemshe mpaka ziive lakini zisipasuke, zichuje na kuzikausha vizuri kwa kitambaa, kisha uzikaange kwenye kikaango kwa mafuta kijiko kimoja, bizari ya pilau na chumvi kidogo. Wakubwa wanazitafuna tu. Za mdogo nazichukua kabla ya kukaanga, naziponda kwa uma.

Bisi ni nafaka nzima, na ukizitengeneza kwa kijiko cha mafuta ni kitafunwa kizuri kwa waliovuka miaka mitano. Tatizo lake ni mkono wa chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko cha chai kisichofura, na hiyo ni pamoja na iliyomo kwenye mboga, mkate na wali. Mama mkwe kwa presha yake anakula bisi zisizo na chumvi kabisa. Tulipoanza kuziweka hivyo kwa wote, watoto walizizoea. Mwenye kutaka ladha anyunyizie unga wa giligilani au ndimu.

Suala la sukari linahitaji maneno kidogo. Mwaka 2015 Shirika hilo hilo lilitoa mwongozo kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na ya juisi ya matunda, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtu anayekula kilokalori 2,000, hiyo asilimia 5 ni gramu 25, sawa na vijiko vya chai sita hivi. Chupa moja ya soda ya kola ya mililita 350 ina takriban gramu 35. Mtoto anayekunywa hiyo pamoja na keki saa nne asubuhi ameshavuka kiwango kabla ya chakula cha mchana, na mahitaji yake ya nishati ni madogo kuliko yetu.

Kwa hamu ya utamu tuna vitufe vya tende. Kikombe kimoja cha tende zilizotolewa kokwa, vikombe viwili vya karanga zilizokaangwa na konzi ya ufuta. Natwanga karanga kwanza, natia tende, naendelea kutwanga mpaka vishikane, naviringisha kwa viganja na kuvigaragaza kwenye ufuta. Ni binamu wa kashata, ila hakuna sukari ya kumimina wala jiko la kuwasha. Nisifiche jambo: tende zenyewe zina sukari nyingi, na kuitwa asili hakuibadilishi damuni. Mama mkwe anapata kitufe kimoja baada ya mlo. Watoto wanapata viwili, na kopo linarudi kabatini.

Matunda sina mengi ya kuongeza. Papai, embe, nanasi, machungwa, kila mtu anayajua kwa msimu wake. Ombi langu ni kwamba yaliwe yenyewe badala ya kukamuliwa, kwa kuwa ukichuja nyuzinyuzi hubaki kwenye chujio, na glasi moja hubeba machungwa matatu au manne ambayo mtu asingeyala kwa mkao mmoja.

Joto la Dar linadai kitu cha baridi, nasi tunatengeneza lambalamba. Unga mweupe wa ubuyu, ambao una vitamini C kwa wingi, nauloweka kwenye maji na kuuchuja, nachanganya na mtindi na ndizi mbivu iliyopondwa, namimina kwenye vikombe vidogo, nachomeka kijiti na kugandisha. Utamu wa ndizi unatosha. Ule ubuyu mwekundu wa vifurushi ni kitu kingine kabisa, umepikwa kwa sukari na rangi, na mimi nauhesabu katika kundi la pipi.

Nitaje na dagaa, ingawa najua wengine hawajawahi kuwafikiria kama kitafunwa. Nawatoa vichwa, nawaosha kwa maji ya uvuguvugu mara kadhaa mpaka mchanga uishe, nawaanika wakauke, nawakaanga kwa mafuta machache mpaka wavunjike wakibanwa kwa vidole, halafu limau. Wanaliwa na mifupa yao, ndiyo maana wana madini ya chokaa mengi kuliko samaki mkubwa tunayetupa miiba yake. Watu wa Kagera wana senene, nao wanajua tangu zamani kwamba kitafunwa chenye protini kinaweza kupendwa na mtoto na mzee pamoja. Senene zikija kwa msimu, pale kwao hakuna anayeuliza zipi za watoto.

Kwa mpangilio, kazi nzito naifanya Jumamosi moto ukiwa umeshawashwa kwa maharage: mkaa unaobaki unatosha kukaanga karanga na kuchemsha viazi. Siku za kazi ni kugawa tu. Makopo yanakaa rafu ambayo mtoto wa shule anaifikia mwenyewe, isipokuwa la karanga nzima na la bisi, ambayo yanakaa juu kwa usalama wa mdogo. Vitafunwa vya jioni vinaliwa saa kumi hadi kumi na moja, ili saa mbili usiku wali ukutane na njaa ya kweli. Bagia zilizobaki asubuhi nazipasha kwenye kikaango kikavu, nazifungia watoto na vipande vya tango, na nyingine nne zinakwenda kazini na baba yao.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam