Kumfuata Kristo Bila Kubakiza: Majibu kwa Wasomaji

Mchungaji, tangu niamue kumfuata Kristo kwa moyo wote, ndugu zangu wananiita mtu wa msimamo mkali. Je, wanakosea?

Wanauliza jambo la haki, maana historia ya Kanisa imewapa sababu ya kuogopa. Mwaka 1534, katika mji wa Münster nchini Ujerumani, Wakristo waliokuwa wakibatiza watu wazima waliutwaa mji, wakawafukuza waliokataa kubatizwa upya, wakaruhusu mume mmoja kuoa wake wengi na wakawaua waliowapinga, hadi mji ulipoanguka Juni 1535. Katika miaka hiyohiyo Menno Simons, padri wa Uholanzi aliyeacha upadri mwaka 1536, aliifikia imani ileile kuhusu ubatizo, lakini alifundisha kwamba mfuasi wa Kristo hashiki upanga, na kwa ajili ya mafundisho hayo aliishi miaka mingi akiwindwa. Makundi yote mawili yalisema yanalirudia Agano Jipya bila kupunguza neno. Mimi huyapima kwa swali moja: gharama ya imani hiyo inalipwa na nani? Kule Münster walilipa majirani, ilhali Menno alilipa mwenyewe. Basi waambie ndugu zako waitazame imani yako kwa kipimo hicho, nawe ujitazame kabla yao.

Yesu alimwambia kijana tajiri auze vyote alivyo navyo. Nina mke, watoto watatu na deni. Je, natakiwa kuuza nyumba?

Swali hili nimelibeba kwa muda mrefu, na sitaki kulijibu kwa haraka, kwa kuwa wahubiri wengi hukimbilia kusema kwamba Yesu hakumaanisha alichosema. Alimaanisha. Kijana yule wa Mathayo 19 aliondoka kwa huzuni, na Yesu hakumkimbilia nyuma kumpunguzia masharti. Hata hivyo, Zakayo wa Luka 19 alijitolea kuwapa maskini nusu ya mali yake na kuwarudishia mara nne aliowadhulumu, naye akaambiwa kwamba wokovu umefika nyumbani mwake. Martha alibaki na nyumba, na nyumba hiyo ikawa mahali ambapo Yesu alikaribishwa. Barnaba aliuza shamba na kuleta fedha zote. Anania naye aliuza kiwanja chake, akaficha sehemu ya fedha na kujifanya ameleta zote, na Petro alimkumbusha kwamba kabla hajakiuza kilikuwa chake, na hata baada ya kukiuza fedha zilikuwa katika uwezo wake. Hakuna aliyemlazimisha, kosa lake lilikuwa uongo.

Ninachokiona katika habari hizo ni kwamba Bwana hakuwatoza wote kiwango kimoja, ila kwa kila mmoja aligusa pale alipokuwa ameshikwa. Kwa hiyo anza na deni, kwa kuwa fedha ya mtu mwingine huwezi kuitoa sadaka. Kisha kaeni chini, wewe na mkeo, na kila mmoja ataje kitu ambacho akiombwa leo atatafuta sababu ya kukinyima. Mazungumzo yenu yaanzie hapo. Usiuze paa la watoto wako kwa uamuzi wako peke yako kisha ukaita jambo hilo imani, kwa sababu hapo watakaolipa ni wao.

Kiongozi wetu wa kikundi anasema nisiwasaidie tena wazazi wangu kwa kuwa hawajaokoka, eti Luka 14:26 inatuamuru kuwachukia.

Msomee Marko 7, kuanzia mstari wa 9. Pale Yesu anawakemea watu waliotangaza mali yao kuwa Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, ili wasiwape wazazi wao msaada, akisema kwamba wamelitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Yeye mwenyewe, akiwa msalabani, alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi aliyempenda. Luka 14 inasema kwamba mzazi hawezi kuchukua nafasi ya Kristo, na hilo ni kweli hata linapouma. Haisemi kwamba mzee abaki na njaa. Endelea kuwasaidia.

Mume wangu hunipiga. Wazee wa kanisa wananiambia nivumilie kama Kristo alivyovumilia. Je, kuondoka ni kupungukiwa imani?

Hapana, dada yangu. Ondoka uende mahali salama, umwambie mtu unayemwamini, na upeleke habari hii kwa wenye mamlaka ya kisheria.

Nawaomba wazee hao wasome habari ya Dirk Willems, ambaye sisi wahubiri humtaja mara nyingi tunapofundisha kumpenda adui. Alifungwa Uholanzi mwaka 1569 kwa ajili ya imani yake, akatoroka na kuvuka maji yaliyoganda kuwa barafu. Aliyekuwa akimkimbiza alitumbukia, na Dirk akarudi kumwokoa, akakamatwa tena na kuchomwa moto. Kila tunapoisimulia tunasahau kwamba Dirk alitoroka kwanza. Hakuona kuwa kubaki mikononi mwa watesi ni utii, na Bwana mwenyewe katika Mathayo 10:23 aliwaambia wanafunzi wakiteswa katika mji mmoja wakimbilie mwingine. Rehema ya Dirk ilikuwa tendo la mtu aliyekwisha kuwa huru, na hakuna mzee wa kanisa aliyemsukuma arudi. Ikiwa siku moja utamsamehe mume wako, utamsamehe ukiwa salama, wala msamaha huo hautakuwa ahadi ya kurudi nyumbani kwake.

Mimi ni mtoza ushuru. Je, niache kazi nikahubiri?

Watoza ushuru walimuuliza Yohana Mbatizaji swali linalofanana na lako (Luka 3), naye hakuwaambia waache kazi, bali wasitoze zaidi ya walivyoagizwa. Ikiwa uliwahi kutoza zaidi, rudisha. Katika Uamsho ulioenea Afrika Mashariki kutoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, watu waliookoka walijulikana kwa kurudisha walivyoiba na kuungama waziwazi, na majirani waliuona wokovu huo hata kabla ya kusikia mahubiri. Mathayo aliitwa aondoke kwenye meza ya ushuru, nawe ukiitwa hivyo, nenda. Lakini usiikimbie meza kwa sababu tu kuwa mwaminifu hapo ni kugumu.

Nimelala kitandani mwaka wa pili sasa. Nasoma habari za mashahidi wa imani na ninaona aibu. Mimi nitamtolea Mungu nini?

Barua yako niliisoma mara nyingi kabla ya kuijibu. Katika Marko 14 mwanamke mmoja alivunja chupa ya marhamu na kuyamimina kichwani pa Yesu, na waliokuwepo wakamkaripia kwamba tendo lake halina faida. Yesu aliwaambia wamwache, akasema: "Ametenda alivyoweza." Uliniandikia kwamba kila usiku unawaombea kwa majina wauguzi wanaokugeuza, hata yule mwenye mkono mzito. Ningependa kujua jina lake, ili nami nimwombee pamoja nawe.