Maswali ya wasomaji: bima ya pembeni kwa gari la kukodi nje ya nchi

Swali: Wahariri, salaam. Desemba nakwenda Ujerumani kwa binti yangu anayeishi Stuttgart, na tunataka kukodi gari dogo kwa siku kumi. Bei niliyoiona mtandaoni tayari ina bima, ila wameandika ekisesi ya yuro 1,200. Kampuni yenyewe inauza nyongeza ya kuiondoa hiyo ekisesi kwa yuro 22 kwa siku. Nimeona pia bima ya pembeni, ya kampuni nyingine kabisa, kwa yuro 6 kwa siku, nayo inadai inafanya kazi hiyo hiyo. Ninunue ipi? *Mama wa Uyole, Mbeya*

Jibu: Mama, hizo mbili hazifanyi kazi moja, ndiyo maana bei zinapishana hivyo.

Ujerumani sheria inalazimisha kila gari kuwa na bima ndogo, ile ya kuwalipa watu wengine na mali zao, kwa hiyo hiyo imo kwenye bei uliyoiona. Juu yake kampuni huweka msamaha wa uharibifu, ambao kwenye mkataba utauona kwa herufi CDW, na msamaha wa wizi. Usiufananishe na bima kubwa tunayokata kwa magari yetu huku. Ni ahadi tu ya kampuni kwamba gari likiharibika haitakudai zaidi ya kiasi fulani. Kiasi hicho ndicho ekisesi: yuro 1,200 za kwanza unazilipa wewe. Tena ni kwa kila tukio. Ukikwaruza mlango Jumatatu na kuvunja taa Alhamisi, kampuni inaweza kukudai mara mbili.

Nyongeza ya yuro 22 inaiondoa ekisesi kwa kampuni yenyewe. Gari likikwaruzwa, unarudisha funguo na unaondoka. Bima ya yuro 6 iko nje ya mkataba huo, na kampuni ya kukodisha haihusiki nayo hata chembe. Itakata pesa kwenye kadi yako kama kawaida, kisha wewe, ukiwa na risiti na ripoti, unaipelekea bima ya pembeni madai ili ikurudishie. Tuseme mlango umetengenezwa kwa yuro 480 na kampuni ikaongeza ada ya ofisi ya yuro 50. Yuro 530 zinatoka kwako leo, na zinarudi baada ya wiki kadhaa, ikiwa karatasi zimekamilika na ada ya ofisi imo kwenye orodha ya yanayolipwa.

Kwa hesabu ya siku kumi, ni yuro 220 dhidi ya 60. Tofauti hiyo ni pesa nyingi na si ya kudharau. Lakini kwa mtu anayetoka Mbeya kuna mambo mawili ya kuyamaliza kabla ya kuangalia bei.

La kwanza ni makazi. Bima nyingi za pembeni huuzwa kwa wakazi wa nchi zilizotajwa tu, mara nyingi Uingereza au nchi za Umoja wa Ulaya. Fomu itakuuliza nchi unayoishi. Tafadhali usichague Ujerumani kwa kuwa binti yako yuko huko. Malipo ya kununua yatapita bila shida yoyote, maana hakuna anayekagua wakati wa kuuza. Ukaguzi unakuja siku ya madai, wanapoomba nakala ya leseni na pasipoti yako, na hapo madai yanakataliwa.

La pili ni kadi. Kaunta itashikilia amana kwenye kadi ya mkopo yenye jina la dereva mkuu, na mara nyingi amana hiyo inalingana na ekisesi au inaizidi. Bima ya pembeni haipunguzi amana hata senti, kwa sababu kaunta haiitambui. Kadi za benki zetu nyingi ni za kutoa pesa zilizomo kwenye akaunti, na kampuni nyingi huzikataa kwa amana, au huzikubali pale tu unaponunua nyongeza yao kubwa. Kadi ya kwenye simu, isiyoshikika mkononi, usiitegemee kabisa. Andika barua pepe kwa tawi lenyewe utakapochukulia gari, taja aina ya kadi yako, na utunze jibu lao.

Kwa familia yenu tungeshauri hivi. Binti akodi kwa jina lake na kadi yake ya mkopo. Yeye ni mkazi, kwa hiyo anaweza kununua bima ya pembeni kihalali, na akiwa anakodi mara kwa mara achukue ya mwaka mzima. Wewe uandikwe kwenye mkataba kama dereva wa pili, na ahakikishe bima yake inawagusa madereva wote walioandikwa na haina kikomo cha umri kinachokutoa nje. Usipoandikwa ukashika usukani, msamaha wa kampuni unavunjika, bima ya pembeni inavunjika pamoja nao, na deni linaweza kufika bei ya gari zima. Ikiwa ni lazima ukodi kwa jina lako, lipa hizo yuro 220. Hapo usijaribu kubana.

Ukienda, beba leseni yako pamoja na hati ya kimataifa ya udereva, kwa sababu leseni ya Tanzania peke yake bila hati hiyo au tafsiri inayokubalika haitoshi huko. Na kwa kuwa ni Desemba, kagua matairi kabla ya kutoka. Barabara ikiwa na theluji au barafu, sheria ya Ujerumani inataka tairi yenye mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Uko ubavuni mwa tairi, mdogo kama sarafu. Herufi M+S peke yake hazikubaliki tena tangu Oktoba 2024. Ikitokea ajali, hata ya kugonga nguzo mwenyewe bila mtu mwingine, piga 110 polisi waje. Mikataba ya huko kwa kawaida inadai hivyo, na ukiondoka bila kuwaita, msamaha unaweza kufutwa.

Swali: Mimi na wenzangu watatu tunapanga kuchukua gari la juu Windhoek, tuzunguke Namibia wiki mbili. Barabara za vumbi tumezizoea, za Makete na Mufindi tunapita hata masika. Tunahitaji kweli bima ya ziada? *Msomaji, Mafinga*

Jibu: Mnaihitaji, na uzoefu wa Makete usiwalevye. Huku kwetu kona na utelezi vinakulazimisha kwenda taratibu. Namibia barabara ya changarawe imenyooka kilomita hamsini bila kona, gari linakimbia lenyewe, na dereva hajui kwamba matairi yanaelea juu ya mawe madogo. Tairi moja likishuka kwenye changarawe laini ya pembeni, dereva anavuta usukani kwa nguvu kurudi, gari linakwenda mrama, anavuta upande wa pili, linabiringika. Hakuna gari jingine lililohusika. Basi someni kipengele hicho hicho kwenye mkataba: ajali isiyohusisha gari jingine. Kampuni nyingi huitoa nje ya msamaha wa kawaida, au huiwekea ekisesi ya juu zaidi.

Mengine ya kutafuta kwa macho ni matairi na rimu, kioo cha mbele, sehemu ya chini ya gari, klachi, maji kuingia kwenye injini mnapovuka korongo, na rangi kuchubuliwa na upepo wa mchanga ukanda wa pwani. Haya ndiyo yanayoharibika Namibia, na ndiyo yanayoachwa nje. Kioo hupigwa na jiwe la gari mnalopishana nalo. Bima nzuri ya pembeni huyataja kwa majina kuwa inayalipa. Ikiandika tu "uharibifu wa gari", ulizeni kwa maandishi kabla ya kulipa.

Halafu mwendo. Kampuni nyingi huweka kikomo cha kilomita 80 kwa saa kwenye changarawe, na gari lina kifaa cha satelaiti kinachorekodi. Mkipinduka mkiwa 105, rekodi itatolewa na hakuna bima itakayowalipa, ya kaunta wala ya pembeni. Kuendesha usiku nje ya miji nako hukatazwa na mikataba mingi kwa sababu ya wanyama. Pia teremsheni upepo wa matairi kwa kiwango watakachowaambia wenye gari kwa barabara hizo, na muombe tairi za akiba mbili.

Mkitaka kugusa Botswana au Afrika Kusini, ombeni barua ya kuvuka mpaka kwenye kampuni siku kadhaa kabla. Na mjue kwamba katika nchi hizo tatu mfuko wa serikali wa ajali za barabarani hushughulikia watu walioumia, si mabati. Ukigonga gari la mtu, gharama ya kulitengeneza unadaiwa wewe. Bima ya pembeni ya ekisesi haigusi deni hilo, kwa hiyo mkataba wa kukodi uonyeshe wazi kuwa mali za watu wengine zimekatiwa bima, na kwa kiasi gani.

Swali: Nataka kukodi Noah hapa Mbeya niende na familia Karonga hadi Nkhata Bay, Malawi. Mwenye gari anasema Kadi ya Njano inatosha. Ni kweli? *Baba wa watoto wanne, Tukuyu*

Jibu: Inatosha kukuvusha Kasumulu, lakini haitoshi kukulinda wewe. Kadi ya Njano ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, ni bima ndogo inayovuka mpaka. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini imebaki kwenye mpango huo, na Malawi na Zambia zimo. Msumbiji haimo. Kadi inawalipa watu wa nje ya gari kwa sheria ya nchi uliyopo, na inasaidia gharama za matibabu ya dharura kwa dereva na abiria. Noah yenyewe ikibonyea, Kadi ya Njano hailipi kitu, na mwenye gari atakugeukia wewe.

Kwa hiyo omba kuona bima ya gari kabla hujatoa pesa. Angalia kama ni kubwa au ndogo, kisha angalia aina ya matumizi. Hapa ndipo wengi wanapoumia: gari limekatiwa bima ya matumizi binafsi, nalo linakodishwa kila wiki. Likipata ajali mikononi mwa mpangaji, kampuni ya bima ina haki ya kukataa kulipa. Ikiwa ni bima kubwa ya gari la biashara, mwenye gari aende kwa wakala wake apate nyongeza ya eneo inayotaja Malawi na tarehe zenu, kwa maandishi. Kadi ya Njano nayo ikatwe hapo hapo mjini, ikiwa na namba ya gari, tarehe, na Malawi isiwe imefutwa kwenye orodha ya nchi. Uhalali wa bima ya gari unaweza kuuhakiki kwa namba ya usajili kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima Tanzania. Usisubiri kununulia mpakani kwa vishoka.

Kisha andikianeni mkataba wenye ekisesi ndani: gari likiharibika, wewe utabeba kiasi gani mwisho. Bila mstari huo utabeba chote. Barua ya mwenye gari ya kukuruhusu kuvuka nayo ni ya lazima, pamoja na kadi ya gari.

Swali: Nikishachukua gari, naweza kununua bima ya pembeni jioni yake hotelini? *Msomaji, Njombe*

Jibu: Kwa kawaida hapana. Nyingi zinataka ununue kabla ya saa ya kuchukua gari, na zianze siku moja na mkataba wa kukodi hadi mwisho wake. Ukiongeza siku za gari, ongeza na za bima kabla ya zile za mwanzo kuisha.

Swali: Nilikodi gari Dubai, nikakwaruza bampa kwenye maegesho, nikakatwa pesa. Bima ya pembeni niliyonunua imekataa kunirudishia, inasema "nyaraka hazitoshi". Nifanyeje? *Mfanyabiashara, Iringa mjini*

Jibu: Waombe wakuandikie ni nyaraka gani hasa zinakosekana na ni kipengele kipi cha mkataba wametumia. Wakishataja, wewe unawinda kitu kimoja kimoja. Kwa kawaida ni mkataba wa kukodi uliosainiwa, karatasi ya ukaguzi ya kuchukua na ya kurudisha, ripoti ya polisi, makadirio au ankara ya matengenezo, barua ya kampuni ya kukodisha inayoonyesha jumla ya makato, na taarifa ya kadi yako yenye makato hayo. Jina kwenye kadi liwe lako. Kama shemeji ndiye aliyelipa, ndipo utata unapoanza.

Kwa Dubai tunashuku ripoti ya polisi. Huko gereji hairuhusiwi kutengeneza gari lililogongwa bila karatasi ya polisi, hata kwa mkwaruzo. Kwa hiyo kama bampa ilitengenezwa, karatasi ipo mahali. Iombe kwa kampuni ya kukodisha kwa kutaja namba ya mkataba na tarehe. Ankara pia iombe yenye mchanganuo, kwa sababu wengine hutuma mstari mmoja tu, "uharibifu", na bima haiwezi kuupima. Weka kando faini za barabarani na tozo za Salik, yaani malipo ya kupita barabara za Dubai, maana hizo hukatwa kwenye amana hiyo hiyo lakini hazilipwi na bima yoyote. Ukizichanganya, jumla ya makato hailingani na ankara, na faili linarudishwa.

Wakikataa tena ukiwa umekamilisha yote, peleka malalamiko rasmi kwa kitengo chao cha malalamiko, kisha kwa msuluhishi wa nchi ilikosajiliwa bima hiyo. Kama uliinunua kwa kampuni iliyosajiliwa hapa nchini, nenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima Tanzania. Angalia tarehe ya mwisho ya kuwasilisha madai, imo kwenye mkataba, na kama imebaki siku chache tuma ulichonacho leo, ukiandika kwamba ankara inafuata.